Fasihi ya Mashauri Yanayosubiri

Mahakama ya Juu ya Jimbo la California hutoa orodha ya mashauri iliyokubali kuyasikiliza lakini haijayaamua. Iko ya madai na iko ya jinai, na zote mbili hurekebishwa mara kwa mara, shauri moja likiingia na jingine likitoka. Wakili huifungua, akatafuta namba yake, akaifunga. Hakuna anayeisoma kwa raha. Mimi nimeizoea kiasi cha kuiona kuwa utanzu wa uandishi, wenye kanuni zake, msimulizi wake na hila zake, na nadhani inastahili kusomwa hivyo: nani anasema, anamsemea nani, kipi amekiacha nje.

Kila shauri hupewa aya moja. Kwanza jina, na namba inayoanza na herufi S. Kisha sentensi ya historia: hili ni ombi la mapitio baada ya Mahakama ya Rufaa kuithibitisha hukumu ya chini, au kuitengua, au kuithibitisha nusu na kuitengua nusu. Kisha huja sentensi isiyobadilika, kwamba shauri hili linaibua suala lifuatalo. Nuktapacha, halafu swali. Baada ya alama ya kuulizia hakuna maelezo mengine.

Itazame hiyo sentensi isiyobadilika. Kiima chake ni shauri lenyewe. Anayeuliza si mrufani, wala si majaji saba waliokaa wakapiga kura kulikubali (kura nne zinatosha). Shauri limeinuka lenyewe likauliza. Na ukipanda juu ya orodha unakuta tahadhari: maelezo ya masuala yametolewa ili wananchi na waandishi wa habari wajue mashauri yanahusu nini kwa jumla, si lazima yawe ndiyo maoni ya mahakama, wala hayaifungi kuhusu kile itakachokiamua. Wahakiki tuna namna yetu ya kulisema jambo hili: msimulizi si mwandishi. Karatasi ni ya mahakama na sauti ni ya mahakama, lakini ukimbana aliyesema, anakuambia si yeye.

Hila hiyo ina sababu. Swali la kisheria haliwi safi kamwe. Karl Llewellyn, mwanazuoni wa sheria wa Marekani, alieleza kwamba kazi ya kwanza ya wakili ni kulitunga swali kwa namna ambayo, likikubalika hivyo, shauri litamwendea yeye. Basi karani wa mahakama anayeandika aya hizi anatembea juu ya miiba. Kila kivumishi atakachokiweka kitaegemea upande mmoja. Ndiyo maana vivumishi havimo. Soma ukurasa baada ya ukurasa, hutakutana na ajali mbaya, kampuni kubwa wala mjane maskini. Kuna nomino na namba za vifungu.

Maswali yenyewe ni ya aina mbili. Yako yanayouliza kama mahakama ya chini ilikosea. Na yako yanayouliza kama kifungu fulani kinahusu hali ya namna fulani. La aina ya kwanza linatazama nyuma, kwa mtu aliyefanya kosa mahali fulani siku fulani. La pili halina siku wala mahali. Limeandikwa katika wakati uliopo usiokoma, wakati uleule ambao sheria huandikiwa. Mama aliyetolewa vyombo nje anakuwa mpangaji, na mara nyingi hata huyo mpangaji hutoweka, kikabaki kifungu na tarakimu zake. Sioni ukatili hapo. Kanuni za mahakama za California zinasema mapitio hutolewa pale inapobidi ili kuleta uwiano wa maamuzi au kumaliza suala muhimu la kisheria. Kusahihisha makosa ya majaji wa chini si miongoni mwa sababu zilizotajwa. Aliyeonewa akifika kule juu, hakufikishwa na kuonewa kwake peke yake; amefika kwa sababu ndani ya shauri lake mna jambo litakalowahusu wengine. Sarufi ya swali inamwambia hivyo waziwazi, kama ana nguvu ya kuisoma.

Msomaji aliyewahi kushika hati ya rufaa ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania atashangazwa na hali hii. Kule hakuna swali. Kuna sababu za rufaa, moja, mbili, tatu, na kila moja inaanza na kumnyooshea kidole mtu: kwamba Mheshimiwa Jaji alikosea kisheria kwa kuamua hivi, kwamba alikosea kisheria na katika ukweli wa mambo kwa kutozingatia vile. Kanuni za mwaka 2009 zinataka sababu hizo ziwe fupi, bila hoja na bila masimulizi, kwa hiyo kinachobaki ni lawama tupu, imevaa joho la heshima. Jaji wa chini ndiye mhusika mkuu wa hati nzima. Swali lenyewe la kisheria tunalo pia, lakini limewekwa mlangoni: shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, tuseme ugomvi wa shamba la urithi, halifiki Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kuwa ndani yake mna hoja ya kisheria. Baada ya kuvuka mlango huo, mrufani anarudi kwenye lugha ya lawama. Siwezi kusema utaratibu upi ni bora kwa haki. Kwa upande wa uandishi, lawama ina uhai kuliko swali, kwa sababu ina watu ndani yake.

Huko Marekani kwenyewe majimbo hayaandiki namna moja. Ohio haitaki swali. Anayeomba kusikilizwa na Mahakama ya Juu ya Ohio hutakiwa kuandika pendekezo la sheria: sentensi ya kauli, iliyokamilika, inayosema sheria ni hii, kana kwamba mahakama imekwisha kukubali na kilichobaki ni kuinakili. Nalipenda umbo hili kwa ujasiri wake. Halijifanyi halina upande. Ukisoma pendekezo la mrufani wa Ohio unajua ni mrufani anayesema, unajua anataka nini, na unaweza kupima kama sentensi yake inaweza kusimama peke yake bila yeye. Swali la California linajificha katika uwazi wake. Kauli ya Ohio ina upendeleo ambao kila mtu anauona. Mawakili wa kule hupewa dakika 15 kila upande, na nadhani umbo la kauli linawasaidia, maana hakuna muda wa kuzungukazunguka.

Nirudi California, kwenye mfano ninaoupenda kuliko mingine. Shauri namba S222732 lilihusu kampuni ya kusafirisha vifurushi iitwayo Dynamex. Mwaka 2004 kampuni hiyo iliwaondoa madereva wake kwenye ajira ikawaita wakandarasi wa kujitegemea: gari lako, mafuta yako, bima yako. Madereva wakafungua madai ya pamoja. Mahakama ya Juu ilikubali kulipitia mapema mwaka 2015, na orodha ikaliweka swali hivi, kwa ufupi: je, katika madai ya namna hii ya mishahara na saa za kazi, mwajiriwa atambuliwe kwa maana iliyofafanuliwa katika shauri la Martinez dhidi ya Combs la mwaka 2010, au kwa kipimo cha sheria ya kimazoea kilichojadiliwa katika shauri la Borello la mwaka 1989?

Borello ni shauri la wachuma matango. Martinez ni shauri la wachuma stroberi. Kuinama, masanduku, bei ya kilichochumwa, bosi ambaye hajulikani hasa ni nani: yote hayo yamekunjwa ndani ya majina mawili na miaka miwili. Asiye mwanasheria akilisoma swali hilo hapati hata harufu ya shamba. Lakini mwanasheria anaisikia, na hapo ndipo ninapoona kipaji cha utanzu huu: ni uandishi wa mafumbo, wenye hadhira mbili zinazosoma sentensi ileile, moja ikiona ukuta na nyingine dirisha. Tahadhari ya juu ilisema orodha imeandikiwa wananchi na waandishi wa habari. Kwa hadhira hiyo, swali hili limeshindwa.

Sasa lichunguze neno "au". Uzito wote wa swali umewekwa juu yake. Linamwahidi msomaji kwamba majibu ni mawili na moja litachukuliwa. Mawakili waliandika miaka miwili na zaidi kwa kuliamini neno hilo. Mwishoni mwa Desemba 2017, maandishi yakiwa yamekamilika na shauri likingoja kusikilizwa, mahakama iliwaandikia ikiwataka waeleze maoni yao kuhusu jambo la tatu: kipimo cha masharti matatu kinachotumika katika majimbo kama Massachusetts na New Jersey, ambacho humhesabu kila afanyaye kazi kuwa mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe kwamba haimwongozi, kwamba kazi yake si ile ambayo kampuni yenyewe huifanya, na kwamba ana shughuli yake aliyojianzishia. Hoja zilisikilizwa tarehe 6 Februari 2018. Hukumu ikatoka tarehe 30 Aprili, majaji wote wakikubaliana, kalamu ikiwa ya Jaji Mkuu Tani Cantil-Sakauye. Kipimo cha masharti matatu ndicho kilichoshinda.

Wanasheria watasema kipimo hicho kilichukuliwa kama tafsiri ya kipande cha Martinez, kwa hiyo swali la awali halikuachwa. Wana haki yao. Mimi naisoma orodha, na katika orodha jibu lile halikuwamo. "Au" ya mwaka 2015 ilikuwa imekwisha kuvunjika kabla mawakili hawajasimama kusema.

Hesabu tarehe zile tena. Shauri lilingoja miaka mitatu kabla ya kusikilizwa, kisha likaamuliwa ndani ya siku 83. Uwiano huo haukutokea kwa bahati. Katiba ya California, katika sharti lililoanzia Katiba ya mwaka 1879, inamnyima jaji mshahara ikiwa ana shauri lililokabidhiwa kwa uamuzi likapita siku 90 bila kuamuliwa. Katika Mahakama ya Juu, kwa kawaida shauri hukabidhiwa pale mawakili wanapomaliza kusema. Saa inaanza kugonga hapo, haianzi mapema zaidi. Matokeo yake yanaweza kukisiwa na yeyote aliyewahi kupangiwa siku ya mwisho: kazi imehamishiwa upande wa saa usiogonga. Jaji aliyepewa shauri huandika waraka mrefu wenye uchambuzi na pendekezo la uamuzi, waraka unazungushwa kwa wenzake, wenzake wanajibu kwa maandishi wakisema wanakubali au hawakubali, na wingi ukipatikana ndipo siku ya kusikilizwa inapangwa. Hakuna siri hapo. Mahakama yenyewe imeueleza utaratibu huo katika miongozo yake ya ndani.

Kwa hiyo alama ya kuulizia iliyo mwishoni mwa kila aya ina maisha mawili. Shauri linapoingia orodhani, ni swali la kweli. Likikaribia siku yake, swali ni lilelile, herufi kwa herufi, lakini ndani ya jengo limekwisha kupata jibu la awali lenye saini za kutosha. Orodha haina njia ya kulionyesha badiliko hilo. Haina njeo yake. Tuna utanzu katika lugha yetu unaokaa vizuri kando ya huu: kitendawili. Anayetega anajua jibu, anayetegua anajua kwamba mtegaji anajua, na utamu wote umo katika makubaliano hayo. Akishindwa anatoa mji, mchezo unaendelea. Wakili wa San Francisco anasimama mbele ya watu saba ambao kila mmoja ana jibu lake mkononi, na hakuna aliyemwambia "kitendawili" ili naye aitikie "tega". Anatamka hoja zake kana kwamba anafungua mjadala. Majaji wanamuuliza maswali ambayo kwa kweli ni pingamizi za mwenzao aliyekataa kutia saini, na mara nyingi wakili hajui anajibizana na nani.

Nisizidishe chumvi. Rasimu si hukumu. Majaji hubadili mawazo, na waraka ulioingia na wingi unaweza kutoka hauna. Lakini iko njia nyingine ya kuandika, tena katika jimbo hilohilo. Tawi la Mahakama ya Rufaa lililoko Riverside limekuwa kwa miaka mingi likiwapa mawakili rasimu ya uamuzi kabla ya siku ya hoja, ili waje kuipiga. Hapo wakili anajua anatwanga nini. Umbo limekiri lilivyo. Sijaona hoja nzuri ya kwa nini mahakama iliyo juu yake isifanye vivyo hivyo, isipokuwa ile ya heshima, na heshima ni hoja dhaifu kwa mtu anayelipa wakili kwa saa.

Shauri namba S279622 linaonyesha hila nyingine, ile ya kufinya. Hukumu ya Dynamex ilizaa sheria mwaka 2019, sheria ikazikasirisha Uber, Lyft na DoorDash, na kampuni za namna hiyo zikatumia zaidi ya dola milioni 200 kuwashawishi wapiga kura wapitishe Pendekezo la 22, Novemba 2020, linalowaacha madereva wa programu nje ya ajira. Likapita. Madereva wakaenda mahakamani, na katika ngazi za chini walibishana kuhusu mengi: mamlaka ya bunge la jimbo, haki ya kujadiliana kwa pamoja, idadi ya mambo yanayoweza kuwekwa katika pendekezo moja. Mahakama ya Juu ilipolikubali katikati ya 2023, ilibakiza swali moja tu: kama kifungu cha 7451 cha kanuni za biashara na taaluma kinagongana na ibara ya XIV, sehemu ya 4, ya Katiba, na kwa hiyo kulibatilisha pendekezo zima. Ibara hiyo inahusu fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini, na inalipa bunge mamlaka kamili juu yake.

Ni sentensi iliyosukwa kwa ustadi. Kiungo kidogo cha katikati, "na kwa hiyo", kinabeba mzigo wa jimbo zima: kinaunganisha mgongano wa vifungu viwili na riziki ya kila mwenye gari na simu kutoka San Diego hadi mpaka wa Oregon. Mtu anaweza kuipita bila kujua kuwa ameipita Uber. Majaji walijibu tarehe 25 Julai 2024, siku 65 baada ya kusikiliza hoja, kwamba mgongano haupo. Jibu lilikuwa jembamba kama swali, na Jaji Goodwin Liu aliyeliandika hakuficha wembamba huo. Magazeti yalitangaza ushindi wa Uber. Ukitaka kuona umbali uliopo kati ya tukio na umbo lake la kisheria, soma kichwa cha habari cha siku hiyo, kisha soma aya ya orodha.

Ziko pia aya zisizo na swali lao. Mahakama ikiona mashauri kumi yamebeba jambo lilelile, hulichukua moja likawa kiongozi. Mengine yanaandikwa kwamba hatua zaidi zimeahirishwa zikisubiri uamuzi wa lile. Wahusika wake hawatapata siku yao ya kusikilizwa, mara nyingi. Yanapita haraka machoni, nami nayapita.

Aya iliyonifanya nianze kuisoma orodha hii kama fasihi ni nyingine. California huipeleka kila hukumu ya kifo moja kwa moja Mahakama ya Juu, bila kupitia Mahakama ya Rufaa na bila mfungwa kuomba. Shauri kama hilo linapopangiwa siku ya hoja, mahali ambapo mashauri mengine yana swali, lenyewe lina sentensi moja: hili ni shauri la rufaa isiyoombwa kutokana na hukumu ya kifo. Basi. Hakuna kifungu wala "je", na huambiwi nini kinabishaniwa.

Sababu yake ni ya kikazi. Katika mashauri mengine mahakama imechagua suala; hapa katiba imeilazimisha isikilize yote. Kanuni zinamruhusu mrufani wa kawaida maneno 14,000 katika andiko lake la kwanza mbele ya mahakama hiyo. Mrufani wa hukumu ya kifo anaruhusiwa 102,000, ambayo ni riwaya nene. Ndani yake mna uteuzi wa wazee wa baraza, ushahidi, maelekezo ya jaji, mwenendo wa mwendesha mashtaka, na kila kimoja kinaweza kuokoa maisha. Karani hawezi kuchagua swali moja bila kuyafukuza mengine, kwa hiyo hachagui. Hata hivyo athari kwa msomaji haitokani na nia ya karani. Umeshasoma aya ishirini zinazouliza kwa makini juu ya bima, kodi ya pango na muda wa kufungua madai, halafu unafika kwenye shauri zito kuliko yote na utanzu unaishiwa na maneno. Ni sentensi pekee katika orodha inayotaja kitakachompata mtu.

Na ndiyo aya inayongoja kuliko zote. Mwaka 2016 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 66, lililotaka rufaa za namna hii ziishe ndani ya miaka mitano. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema muda huo ni mwongozo, hauilazimishi. Jimbo halijamnyonga wala kumdunga sindano mtu yeyote tangu Januari 2006, na tangu Machi 2019 gavana amesimamisha utekelezaji. Rufaa zinaendelea kuandikwa, kuorodheshwa na kupangiwa siku, sentensi ikiwa ileile. Siku ikifika, wakili wa mfungwa hupewa dakika 45, ambazo ni 15 zaidi ya anazopewa wakili wa shauri lenye swali.